Mgeni Aliyekwenda Kinyumenyume

Paukwa!

Pakawa!

Mko?

Tuko!

Miguu mnayo?

Tunayo!

Basi ikunjeni mkae juu yake, maana hadithi hii ni ya miguu.

Kwanza niwataje waliokuwapo uani siku ile, mmoja mmoja, asije mtu akasema baadaye kwamba hakujua nani ni nani.

Alikuwapo Mkasi binti Vuai, mama wa mtoto. Alisimama mlangoni pa nyumba.

Alikuwapo Makame bin Faki, baba wa mtoto. Alijificha nyuma ya rundo la kuni.

Alikuwapo Bi Mize binti Hamadi, mama yake Makame. Alikaa kando ya joko, yaani lile shimo la kuchomea vyungu.

Alikuwapo Faki bin Makame, aliyepewa jina la babu yake. Huyu alikuwa katikati ya uwanja, amesimama, wala hakuna aliyemshika.

Na alikuwapo mgeni. Mgeni alijiita Bi Mwendo. Jina lake la kweli sikuambiwa, nami sitalibuni.

Hao ndio waliokuwapo. Sasa nitasema jinsi walivyofika hapo.

Palikuwa na kijiji kilichoitwa Kigaeni, na watu wake wote walikuwa wafinyanzi. Wanaume walichimba udongo na kukata kuni. Wanawake walifinyanga. Katika kila ua vyungu vibichi vilianikwa safu kwa safu, na mtoto wa Kigaeni alijifunza mapema mahali pa kuweka mguu, maana chungu kibichi kikikanyagwa hakina dawa.

Basi Mkasi alizaa mtoto wa kiume, huyo Faki. Faki akakaa. Akatambaa. Akaota meno. Lakini hakusimama. Mtoto wa jirani aliyezaliwa nyuma yake akasimama dede, akaenda tata, akaanza kukimbiza kuku. Faki alikaa tu, akimtazama.

Bi Mize alikuwa na ulimi mkali. Alikuwa mfinyanzi hodari kuliko wote pale kijijini, na alisema na watu kama alivyosema na udongo.

"Mkasi, mke wa mwanangu, ulizaa au ulifinyanga?"

"Nilizaa, mama."

"Mbona kakaa kama mtungi uliokosa mnunuzi?"

"Atatembea, mama."

"Lini? Nikiwa kaburini?"

Kila asubuhi Mkasi alimshika mtoto mikono yote miwili, akamwinua, akamwambia, "Dede, baba, dede." Faki alisimama. Magoti yalitetemeka. Halafu akakaa chini, pwa! Mama akamwinua tena. Akasimama, akatetemeka, akakaa chini, pwa! Akamwinua mara nyingine. Pwa!

Sasa Kigaeni kulikuwa na desturi. Mtoto akichelewa kutembea, huchimbiwa kishimo uani, akasimamishwa ndani, akafukiwa mchanga mpaka kiunoni ili miguu ipate nguvu. Mgeni wa kwanza apitaye njiani ndiye anayeitwa amchomoe, maana mgeni ametoka mbali kwa miguu, na miguu yake inajua kwenda. Mtu huyo huitwa mshika mkono. Atakuja kila siku kumfundisha mtoto, mpaka atembee. Mshika mkono hupikiwa uji, hupewa kiti, na kamwe haulizwi atokako. Ukimuuliza atokako, walisema, umeivunja njia yake, na ya mtoto umeivunja pia.

Mkasi alisita. "Mama, tungojee kidogo. Simtaki mtu nisiyemjua."

"Wewe ulitembea kwa nani?" akasema Bi Mize. "Ulichomolewa na mgeni. Makame alichomolewa na mgeni. Lete jembe."

Basi Faki akafukiwa mchanga mpaka kiunoni. Akacheka, akadhani ni mchezo.

Muda si muda, wakasikia sauti nje ya ua. "Hodi!"

"Karibu!" akaitikia Bi Mize upesi, kabla Mkasi hajafungua mdomo.

Akaingia bibi mmoja mrefu, mwembamba, amejitanda kanga kichwani mpaka mabegani. Aliingia kwa ubavu, kama mtu apitaye pembamba, kisha akasimama na mgongo wake ukigusa makuti ya ua.

"Shikamoo, bibi," akasema Mkasi.

"Marahaba," akajibu mgeni. Na nyuma yake, kwa chini, ikasikika tena, "Marahaba."

Mkasi akashtuka. "Mama, umesikia?"

"Nimesikia nini? Ni vyungu," akasema Bi Mize. "Chungu kitupu huitikia. Leo ndiyo mara ya kwanza kukaa na vyungu?"

Mgeni akasema jina lake ni Bi Mwendo. Hawakumuuliza atokako. Akainama, akamchomoa Faki mchangani kwa mkono mmoja, kama mtu ang'oaye muhogo, akamsimamisha. Akaishika mikono yake miwili. Kisha akaanza kwenda kinyumenyume, polepole, huku akimwimbia:

*Dede, dede, simama,*
*tata, tata, nijie.*
*Mguu mmoja wa mama,*
*wa pili nipe mie.*

Faki akanyanyua mguu. Akauweka mbele. Akanyanyua na wa pili.

"Umeona?" akasema Bi Mize. "Umeona, Mkasi?"

Mkasi aliona. Machozi yalimtoka kwa furaha, na haya ikamshika kwa kuwa alimwogopa bibi wa watu.

Kila afundishaye mtoto kutembea huenda kinyumenyume. Humtazama mtoto usoni, humpa mikono, na mgongo wake huuelekeza kule aendako. Kwa hiyo hakuna aliyelitazama hilo mara mbili. Na jua lilipopinda, mgeni aliaga akatoka mlangoni pa ua vilevile, kinyumenyume, akimpungia Faki mkono.

"Mbona hugeuki, bibi?" akauliza Mkasi.

"Nikigeuka mtoto atalia," akasema mgeni. "Acha auone uso wangu mpaka nipotee."

Basi Bi Mize akasifu. "Huyo ndiye mtu anayejua watoto."

Siku ya kwanza, kifaranga kimoja kilipita nyuma ya mgeni, kati yake na ua. Hakikutokea upande wa pili.

"Mwewe," akasema Bi Mize.

Siku ya pili, kuku mwenyewe alipita nyuma ya mgeni, akitafuta kifaranga chake. Hakutokea upande wa pili.

"Kicheche," akasema Bi Mize.

Siku ya tatu, mwanambuzi alipita nyuma ya mgeni. Kamba yake ikanyooka, ikalegea. Mkasi akaivuta. Ikaja kamba peke yake, imelowa mate.

"Mama, mbuzi yuko wapi?"

"Amekata kamba, mtafute! Usimkatize mshika mkono kazi yake."

Na kweli kazi ilikuwa ikiendelea. Faki alikwenda sasa kwa kushikwa mkono mmoja, kutoka mlangoni pa nyumba mpaka mlangoni pa ua. Lakini Mkasi aliona jambo. Mtoto alikwenda kwa wimbo tu. Wimbo ukiendelea, naye huendelea. Wimbo ukikatika, anakaa chini, pwa! Na alijua kwenda mbele tu. Kugeuka hakujua. Akifika kwenye ukuta husimama mbele yake, akaupiga kwa kiganja mpaka aje mtu amgeuze.

Tena mama yake alipoimba, hakumfuata. Alimtazama tu, akakaa.

Siku moja Mkasi alikwenda kuchimba udongo, kwa kuwa Makame alikuwa msituni akikata kuni. Alirudi mapema kuliko kawaida, fungu la udongo kichwani. Hakupita njia kuu. Alipita nyuma ya ua, pale makuti yalipooza na kuacha tundu. Akasikia wimbo. Akasimama achungulie, apate kumwona mwanawe akitembea.

Akauona mgongo wa mgeni.

Kanga ilikuwa imeteleza. Kisogoni, chini ya nywele, palikuwa na mdomo. Mdomo mpana, wenye meno, na katikati ya meno palikuwa na unyoya wa kuku. Mdomo ule ulikuwa ukisema.

Mdomo wa kisogoni ukauliza, "Lini?"

Mdomo wa mbele ukajibu, "Bado. Bado anashikwa mkono."

"Nina njaa. Mle hivyo hivyo."

"Siwezi. Mtoto wa mgongoni ni wa mama yake. Mtoto wa kushikwa mkono bado ni wa kwao. Anayetujia kwa miguu yake mwenyewe, huyo ndiye wetu."

"Lini?"

"Akiacha kuyumba."

"Na wakimficha?"

"Wamfiche. Wimbo wangu umeshaingia magotini mwake. Siku atakayotembea, iwe leo, iwe mwakani, atatembea kunijia mimi."

"Lini?"

"Kesho. Kesho nitamwachia mkono."

Mlikuwa hamjajua? Lilikuwa zimwi.

Udongo ulikuwa kichwani kwa Mkasi. Hakuutupa wala hakupiga kelele. Mtoto alikuwa mikononi mwa zimwi, na Bi Mize alikuwa jikoni akikoroga uji. Mkasi aliuzunguka ua taratibu, akafika mlangoni, akasema "Hodi!" kwa sauti ya kila siku. Akautua udongo. Akanawa mikono. Akacheka hata kidogo.

"Bibi, leo umechoka. Nipe huyo nimnyonyeshe."

Zimwi likamtazama. Mkasi akanyoosha mikono. Zimwi likampa mtoto.

"Kesho, mwanangu," likasema. "Kesho namwachia mkono. Utafurahi."

"Nitafurahi, bibi," akasema Mkasi.

Zimwi likatoka kinyumenyume, likipunga mkono mpaka likapotea.

Makame aliporudi kutoka msituni, Mkasi aliwaambia yote aliyoyaona. Makame akainuka.

"Lete shoka."

"Shoka litaliwa," akasema Mkasi, "na mkono unaolishika. Mwanambuzi alikwenda na pembe zake, hatukusikia hata mlio."

"Basi tuhame!"

"Tutahama na magoti yake pia. Wimbo umo ndani yake. Tukimfunga asitembee, tutamfunga mpaka lini?"

Makame akakaa. Wote wawili wakamtazama Bi Mize, maana walizoea aseme yeye. Bi Mize alikuwa ameshika mwiko wa uji, akiutazama.

Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemwita ndani. Nimemkorogea na uji." Akauweka mwiko chini. "Mkasi, mwanangu, wewe umemtazama kuliko mimi. Sema, nami nitafanya."

Hakuwahi kumwita mwanangu. Mkasi akafikiri. Akasema polepole, kama mtu ajengaye mdomo wa chungu.

"Mama, yule siku zote huenda kinyumenyume. Mdomo anao kisogoni, lakini macho hana. Haoni aendako."

Bi Mize akainua kichwa.

"Basi," akasema, "tumchagulie aendako."

Alfajiri wakaanza kazi. Makame alijaza joko kuni nene, akazitia moto, zikawaka mpaka zikawa makaa mekundu, shimo zima. Juu yake wakalaza magome mabichi ya mgomba, membamba. Juu ya magome wakatandaza vigae, na juu ya vigae wakanyunyiza majivu, kama wafanyavyo wafinyanzi wakiacha vyungu viive. Safari hii ndani ya joko hamkuwa na chungu hata kimoja.

Kisha wakavitoa vyungu vyote vibichi walivyokuwa navyo, vidogo na vikubwa, wakavipanga uani, safu huku na safu huku. Wakaacha njia moja tu. Njia ile ilianzia mlangoni pa nyumba, ikaishia kwenye joko.

"Nani atamdaka Faki asifuate?" akauliza Makame.

"Mimi," akasema Bi Mize. "Mzee akikaa karibu na joko hakuna wa kumshuku. Nimekaa pale maisha yangu yote. Zimwi likianguka, nitamshika mtoto."

"Na mimi?" akauliza Makame.

"Wewe kaa nyuma ya kuni. Akikuona leo hukwenda msituni, atajua."

Alasiri ikafika. "Hodi!"

"Karibu!"

Zimwi likaingia kwa ubavu, likasimama na mgongo wake kwenye makuti. Likatazama.

"Leo vyungu vingi."

"Kesho ni siku ya gulio, bibi," akasema Mkasi.

"Na moshi mwingi."

"Ukija kwa mhunzi utakuta nyundo," akasema Bi Mize pale alipokaa. "Ukija kwetu utakuta moshi. Fundisha mtoto, mgeni, uji unapoa."

Zimwi likacheka kwa mbele. Nyuma, kwa chini, kitu kikacheka pia.

Mkasi alikuwa amemfunga Faki kitambaa kifuani, chini ya makwapa, na ncha yake ameishika mkononi. Zimwi likakiona.

"Mfungue."

"Nahofu asianguke, bibi."

"Mtoto wa kufungwa hatembei. Mfungue."

Mkasi akamfungua.

"Sasa nenda mlangoni ukae huko huko. Mtoto akimwona mama yake karibu, hatembei."

Mkasi akaenda mlangoni. Kila hatua aliyokwenda kumwacha mwanawe ilikuwa kama kutembea juu ya vigae vya moto. Alipogeuka, zimwi lilikuwa limekwisha kumsimamisha Faki katika njia. Likamshika mkono mmoja. Likamshika kidole. Likaachia kidole.

Likaanza kwenda kinyumenyume.

*Dede, dede, simama,*
*tata, tata, nijie.*
*Mguu mmoja wa mama,*
*wa pili nipe mie.*

Faki alisimama peke yake. Akayumba. Akanyanyua mguu, akauweka. Akanyanyua wa pili, akauweka. Hakukaa chini.

Mtoto wa Mkasi alikuwa anatembea, na Mkasi alikuwa anaomba aanguke.

Zimwi lilirudi nyuma, mtoto akaja. Likarudi nyuma, mtoto akaja. Likarudi nyuma, na kisigino chake kikafika karibu na majivu.

Mdomo wa kisogoni ukapiga kelele, "Moto! Nyuma yangu moto!"

Zimwi likasimama palepale, ukingoni mwa joko. Halikugeuka. Likainama, likanyoosha mikono yake mirefu mbele, likaendelea kuimba. Halikuwa na haja ya kurudi nyuma tena. Mtoto alikuwa anakuja mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Bi Mize alikuwa na mikono miwili, na kazi ziliibuka mbili. Akimshika mtoto, zimwi litabaki na wimbo wake. Akilishika zimwi, mtoto hana wa kumdaka. Hapakuwa na nafasi ya kuuliza mtu.

Bi Mize aliinuka. Alilishika zimwi kiunoni kwa ubavu kama mtu ashikavyo mtungi mkubwa uliojaa, akajitupa nalo shimoni. Magome yakapasuka. Vigae vikalia. Wakaingia wote wawili.

Wimbo ukakatika.

Faki akasimama. Akayumba. Mkasi akangoja. Wimbo umekatika, sasa atakaa, pwa!

Lakini toka ndani ya makaa, kwa midomo miwili, wimbo ukaanza upya.

*Dede, dede, simama,*
*tata, tata, nijie.*

Faki akacheka. Akanyanyua mguu kuelekea shimoni.

Makame akatoka nyuma ya kuni, akataka kurukia. Mkasi akamwinulia mkono: simama! Kati ya Makame na mtoto palikuwa na safu za vyungu, na Mkasi alijua lile ambalo kila mama analijua: ukimkimbilia mtoto aliyeanza tata, hudhani mnacheza. Hucheka, akakimbilia mbele zaidi. Na mbele palikuwa na moto.

Mkasi hakukimbia. Alichuchumaa palepale mlangoni. Akafungua mikono. Mwanawe hakuwahi kuufuata wimbo wake hata siku moja. Akaimba hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, sauti aliyomwimbia akiwa mgongoni:

*Dede, dede, simama,*
*tata, tata, geuka.*
*Mguu mmoja wa bibi,*
*wa pili wangu. Geuka.*

Faki akasimama, mguu mmoja juu. Mbele yake wimbo mmoja, nyuma yake wimbo mwingine. Zimwi likaongeza sauti. Mkasi hakuongeza. Aliimba vilevile, taratibu, mara ya pili. Aliimba vilevile, taratibu, mara ya tatu.

Mtoto akauweka mguu chini. Akaugeuza. Mguu wa pili ukaufuata, ukajikwaa, ukasimama. Mabega yakageuka. Kichwa kikageuka mwisho.

Faki aliyejua kwenda mbele tu alikuwa amegeuka.

Akaja. Alipita kati ya vyungu vibichi, akiyumba huku na huku, wala hakugusa hata kimoja. Mkasi hakwenda kumlaki. Alingoja, mikono wazi, mpaka mtoto akafika mwenyewe na kuangukia kifuani pake.

Na mle jokoni pakasikika mshindo, kama chungu kilichofinyangwa na jiwe ndani yake. Zimwi lilipasuka. Katika hadithi nyingine zimwi likipasuka hutoka watu wazima na mbuzi wazima. Katika hii hakikutoka hata kifaranga.

Makame alimtoa mama yake kwa mti mrefu wa kukorogea moto. Wakamlaza mkekani kivulini. Mkono wake mmoja ulikuwa umeumwa na ule mdomo wa kisogoni, na miguu yake ilikuwa imeungua.

"Mtoto?" akauliza Bi Mize.

"Mzima, mama."

"Vyungu?"

"Vizima vyote."

"Mlete nimwone."

Mkasi akamchukua Faki ambebe, kisha akabadili nia. Akamsimamisha chini. "Nenda kwa bibi."

Faki akaenda, peke yake, bila wimbo. Akafika kwenye mkeka, akakaa chini, pwa! Bi Mize akaushika unyayo wake kwa mkono uliobaki, akaupangusa majivu.

"Miguu mizito kama ya babu yake," akasema. "Mkasi, mwanangu, huyu ulimzaa. Hukumfinyanga."

"Nilikwambia, mama, atatembea."

"Uliniambia," akasema Bi Mize.

Hadithi yangu imeishia hapo, imekaa chini, haitembei tena. Funzo lake ni hili. Mtu akija kumfundisha mtoto wako, mshukuru, mpe kiti na uji. Lakini muulize atokako, na uzunguke umtazame mgongo.

Sasa kunjueni miguu, mwende mkalale.

Bi Mize binti Hamadi alikufa siku ile ile, kabla jua halijachwa.